Waridi Lisilotoka Uani

Asmahani binti Shekhe aliposhuka kwenye basi la Pangani mwishoni mwa Mei, alikuwa na kapu la samaki wa ng'onda, mguu unaouma, na hamu moja tu: aingie uani kwake, anuse. Miezi minne na siku kumi alikuwa kwa mdogo wake Mboni aliyefiwa na mume. Alikaa naye mpaka eda ikaisha, akimpikia, akimsomea, akiwafukuza wale wanaokuja kulia ili waonekane wamelia. Masika yote yalimpitia huko. Na kila mwenye waridi la kale anajua kwamba masika yakishaondoka waridi hutoa maua kama lina deni na Mungu.

Alipita ukumbini bila kuvua baibui, akafungua mlango wa uani, akasimama.

Ua ulikuwa umepigwa vigae. Vigae vyeupe vya kung'aa, kutoka ukuta wa choo hadi ukuta wa jirani, hakuna pa kuchomeka hata kijiti. Kando kando zilipangwa ndoo sita za rangi zilizotobolewa chini, na kila ndoo ina waridi lake. Mekundu ya damu ya buchani, ya manjano, na moja rangi ya chungwa. Maua makubwa kama ngumi. Asmahani aliliinamia la kwanza akaingiza pua. Hakuna kitu. Akaenda la pili. Hakuna kitu. La tatu lilinuka mpira kidogo.

"Umeyaonaje, mama?" Ayubu, mwanawe wa pekee, alikuwa amesimama nyuma yake anacheka mpaka magego. "Miche ya kubebesha hiyo, nimeinunua kule Nguvumali, ya barabarani. Inatoa mwaka mzima, na miiba haina sana."

"Mawaridi yangu yako wapi?"

"Yale? Mama, yale yalikuwa yameshazeeka. Mafundi waliyang'oa tangu Februari. Mizizi ilianza kuingia kwenye msingi wa nyumba."

Asmahani hakupiga kelele. Alitua kapu chini, akachagua ng'onda mmoja, mkubwa, akamrusha. Samaki alimpata Ayubu begani. Wa pili alimpata kifuani. Wa tatu alipita juu ya ukuta akaangukia kwa jirani, na jirani, mwanamke mwenye akili, alimpokea akanyamaza. Kapu lilipokwisha, Ayubu, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, karani wa mizigo huko Horohoro, mwenye ndevu na heshima zake, alikuwa amejificha nyuma ya mlango wa choo.

"Mama, ni mguu wako!" alisema kutoka kule ndani. "Mwiba ule wa mwaka juzi umesahau? Na sukari yako ile? Miezi mitatu kidonda hakifungi, daktari ameshasema habari ya kukata kidole! Nilitaka upumzike!"

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ndiyo yaliyomuudhi zaidi. Mtu akikudhuru kwa ubaya utamlaani ukalala. Akikudhuru kwa mapenzi, utamfanya nini?

Mawaridi yenyewe yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa na rangi ya ufizi wa mtoto mchanga, petali nyingi zimejazana, shingo dhaifu hata ua likifunguka linainama lenyewe. Hilo waliliita la marashi. Bibi yake, Bi Sabiha, alilileta kutoka Pemba, tawi moja limefungwa kwenye kitambaa kibichi, na akalipanda kabla hata ya kufungua mizigo. La pili lilikuwa jeupe, dogo, la vichala, na harufu yake ilikuwa na karafuu ndani. Hilo babu yake alilitoa kwenye bustani ya meneja mmoja wa mkonge alikokuwa akifanya kazi, amelificha ndani ya kanzu. Yaani, tuseme ukweli, aliliiba. Lakini wizi wa babu ukikaa miaka sabini unageuka kuwa urithi.

Kwa mawaridi hayo mawili, wanawake wa nyumba ile katika Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, walisifika kwa vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Asumini watu wengi wanayo. Rehani inaota hata kwenye kopo. Mkadi unaletwa sokoni. Lakini kikuba cha bibi harusi, kile cha kubandikwa kifuani kikanukia mpaka asubuhi ya pili, kilitaka petali za waridi la marashi na matumba ya lile jeupe. Hapo Tanga nzima ilikuja kubisha hodi kwa Bi Asmahani, na Pangani pia, na mara mbili watu walivuka mpaka kutoka Mombasa.

Na Bi Sabiha aliacha sharti. Waridi litauzwa, litatolewa sadaka, litapelekwa maulidini bure, lakini tawi halitoki. Tawi likitoka, bahati imetoka. Mama yake Asmahani alilishika sharti hilo, na Asmahani akalishika kwa mikono miwili na meno. Alipochuma ua la kumuuzia mtu, alikata karibu kabisa na shingo, pasibaki kifundo hata kimoja, kwa maana kwenye kifundo ndipo waridi linapotoa mizizi. Alipopogoa, kila mwaka baada ya vuli, matawi yote aliyaokota mwenyewe, akayatumbukiza katika sufuria ya maji yanayochemka, kisha akayatia jikoni yakawa kuni. Mawifi waliomba wakanyimwa. Shoga yake wa tangu utotoni aliomba kitandani anaumwa, akapelekewa kikuba. Kwa mambo mengine Asmahani alikuwa mkarimu, hata nguo yake ya mwilini angekupa. Kwa tawi la waridi alikuwa mkono wa birika, na alijivunia.

Basi siku ile ya kurudi, baada ya ng'onda kwisha, alichukua nyundo. Alivunja kigae cha pembeni ya tangi la maji, mahali lilipokuwa lile jeupe, akachimba kwa kisu cha samaki. Ayubu alimtazama asithubutu kusogea. Alichimba mpaka kiwiko. Alipata mzizi mmoja mnene, akaukwangua, ndani mweusi.

"Walitia nini hapa?"

Ayubu alikohoa. "Fundi alisema yasipodhibitiwa yatachipua tena yapasue vigae. Alimwagia chumvi. Na oili chafu kidogo."

"Chumvi," alisema Asmahani. "Na oili. Juu ya waridi la babu yako." Akavunja na kigae cha pili, na huko lilikokuwa la marashi hali ilikuwa ileile. Matawi je? Yalipakiwa kwenye mkokoteni yakaenda dampo, na huko dampo huchomwa moto kila wiki.

Wiki iliyofuata hakuna aliyepata raha Barabara ya Kumi na Mbili. Asmahani alizunguka. Alikwenda kwa mawifi, alikwenda kwa binamu zake Makorora, alikwenda mpaka Tongoni kwa mtu aliyesikia ana bustani. Aliingia nyumba za watu moja kwa moja hadi uani, salamu baadaye. Huku alikuta waridi jekundu la juzi, kule alikuta la pinki lisilo na harufu. Na kila nyumba alipewa jibu lilelile kwa adabu tofauti. Aliyemwambia bila adabu alikuwa mzee Safari, muuza asumini wa sokoni, ambaye umri ulikuwa umemtoa haya.

"Yakhe Asmahani," alisema, akiendelea kutunga asumini zake kwenye uzi, "nani angekuwa nalo? Mie nilikuomba tawi mwaka alofariki mke wangu, nilipande kaburini. Ukanambia nini?"

"Nilikupa maua kapu zima!"

"Yakanyauka Alhamisi ile ile."

Asmahani aliondoka pale amefura. Alimkasirikia Safari, alimkasirikia Ayubu, fundi, daktari wa kidole, na marehemu shemeji yake aliyechagua kufa mwezi wa Januari. Aliyebaki wa kukasirikiwa alikuwa mmoja tu, naye alimkwepa hata kwenye kioo. Badala yake alipofika nyumbani aliyatazama yale mawaridi ya ndoo, yamechanua vizuri, yamenyooka, hayana haya, akaona ameyachoka.

Jumapili asubuhi alimwita kijana wa bajaji, akapakia ndoo tatu, ndizo zilizoingia. Alikuwa anakwenda Nguvumali kumrudishia muuza miche takataka zake. Hakutaka chochote kwake. Alitaka tu kumwambia mtu maneno fulani usoni, na Ayubu alikuwa ameshayasikia yote.

Karibu na Nguvumali bajaji ilisimama. Barabara imefungwa. Wakatoliki walikuwa kwenye maandamano yao ya Ekaristi. Padri alitembea chini ya mwavuli wa hariri akibeba kitu kinachong'aa, kwaya ikiimba nyuma, wanawake wamevaa vitenge sare, na mbele ya wote wasichana wadogo wenye magauni meupe walikuwa na vikapu, wanachota petali za maua na kuzimwaga barabarani ili padri apite juu yake. Asmahani alikaa akisubiri wapite, kwa heshima, kama inavyostahili kwa ibada ya mtu. Upepo ukageuka.

Alisimama ndani ya bajaji akagonga kichwa kwenye turubai.

"Bibi, vipi?" dereva aliuliza.

Asmahani alishuka, akangoja mwavuli na kwaya vipite, kisha akaingia barabarani, akainama kwa taabu, akaokota petali moja iliyokanyagwa. Akaipangusa mchanga kwa kanga, akaiweka puani. Rangi ya ufizi wa mtoto. Alifunga macho, akayafungua, akanusa tena.

Kisha akaona barabara. Zilikuwa mamia. Maelfu. Waridi la Bi Sabiha, limetandazwa kwenye lami kutoka hapo mpaka kona, na viatu vya watu vinapita juu yake. Yeye amezunguka wiki nzima kama mwendawazimu akitafuta jani moja, na huku watu wanalikanyaga!

Alimshika mkono mwanamke aliyekuwa amebaki nyuma. "Maua haya yametoka wapi?"

"Kwa Mama Laurenti, shikamoo mama. Mwalimu Anastazia. Kila mwaka ndiye anayetoa."

"Anastazia," alisema Asmahani, hata marahaba akaisahau. Jina hilo hakuwa amelitamka kwa miaka kumi na tisa.

Miaka kumi na tisa nyuma, Anastazia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa wakata mkonge waliohamia kutoka mbali, na alikuwa akija kwa Asmahani kila Jumamosi kununua maua ya altare. Walikuwa wameanza kuwa marafiki. Walikaa uani wakinywa chai ya mchaichai, wakisema watu. Siku moja Anastazia aliomba tawi, akakataliwa, akacheka, yakaisha. Wiki mbili baadaye Asmahani aliona jeraha bichi kwenye waridi la marashi, limekatwa mshazari, kwa wembe. Hakuuliza mtu. Alikwenda Nguvumali kwa miguu, akaingia kwenye ua wa Anastazia, akakuta kitawi kimepandwa kwenye kopo la maziwa ya unga kina majani mawili. Aliking'oa, akakitupa chini, akakikanyaga. Na hakutosheka. Jumatatu alimkuta sokoni kwenye foleni ya samaki, na mume wa Anastazia yupo, na wazazi wa wanafunzi wapo, akamwita mwizi mara tatu. Tangu hapo hawakuwahi hata kupeana salamu.

Nyumba aliikuta bila kuuliza. Angeikuta hata gizani. Mawaridi yalikuwa yamejaza ua mzima wa mbele, yamepita urefu wa mtu, mengine yamepanda mpaka juu ya bati. Anastazia alikuwa ndiyo kwanza anarudi kanisani, kitenge cha sare bado kiunoni, mvi zimemjaa. Alimwona Asmahani akishuka kwenye bajaji, akafunga mikono kifuani.

"Mwizi!" Asmahani alianza kabla hajafika getini. Hakupanga kusema hivyo. Neno lilikuwa limekaa tayari kwa miaka kumi na tisa, likatoka la kwanza.

"Karibu, Bi Asmahani."

"Usinikaribishe! Niliking'oa kile kitawi kwa mkono wangu huu! Nilikikanyaga! Ulirudi lini kuiba tena?"

"Sikurudi. Ulipoondoka nilikiokota." Sauti ya Anastazia ilikuwa ya kufundishia, taratibu. "Kilikuwa kimevunjika. Nikakifunga uzi, nikakirudisha koponi. Mwaka mzima kilibaki na majani mawili. Nilikuwa nakiombea, ukitaka kujua. Kisha ukaniita mwizi mbele ya mume wangu. Amekufa hatujawahi kulizungumza. Mpaka anakufa sijui kama aliamini au hakuamini. Unajua hiyo ni nini? Kuishi na mtu hujui?"

Asmahani alisogea mpaka getini.

"Niliiba," alisema Anastazia. "Ndiyo. Nilikuomba kwanza, ukaninyima, nikaiba. Nimeungama kwa mapadri watatu, kila mmoja kanisamehe. Sasa na wewe umekuja kufanya nini? Kuling'oa tena? Anza pale kwenye kona, lakini kung'oa utachoka. Devota wa hapo nyuma analo. Mathew wa Muheza analo. Mpaka Lushoto liko. Kila aliyeniomba nilimpa."

"Kila aliyekuomba," alisema Asmahani.

"Kila aliyeniomba."

Kwa mbali kwaya ilikuwa bado inaimba. Asmahani alitazama lile pori la maua, maua ambayo bibi yake hangemwamini mtu akimwambia yataota Nguvumali, na hasira anayo lakini hajui aielekeze wapi. Maneno aliyoyahitaji yalikuwa mawili tu, na hakuwahi kuyatumia maishani kuhusu waridi. Yeye ndiye aliyekuwa akiambiwa.

"Yangu yamekufa," alisema mwishowe. "Ayubu aliyang'oa nikiwa Pangani. Wametia chumvi. Naomba tawi."

Anastazia aliingia ndani, akatoka na mkasi.

Njia nzima kutoka barabarani Asmahani alikuwa amejiandaa kukataliwa. Alikuwa na majibu ya kukataliwa, makali, yamepangwa. Alingojea. Badala yake Anastazia alikwenda kwenye kichaka kilichokomaa kuliko vyote, akachagua tawi la unene wa penseli, akakata chini, vifundo sita. Akakata jingine. Akakata la tatu, la nne. Akayazungushia gazeti, akalilowesha bombani, akamwekea mikononi. Hakumnyanyasa, hakumkumbusha, hakumwambia hata "umeona sasa". Na hilo lilimuuma Asmahani kuliko tusi, kwa sababu alijua wazi, bila kujidanganya, kwamba angekuwa yeye angekata shingoni.

"Na zile ndoo?" Anastazia aliuliza, akiashiria kwenye bajaji.

"Takataka. Mawaridi ya siku hizi. Hayanuki."

"Niachie basi. Yatapata kazi."

Dereva alizishusha ndoo, akazipanga kando ya ukuta. Asmahani hakuondoka. Alisimama amekumbatia gazeti, maji yanamtiririkia kwenye baibui.

"Na lile jeupe?" alisema. "Nipe na lile jeupe."

"Jeupe lipi?"

"Dogo, la vichala. Lile la karafuu. Lilikuwa pale kando ya tangi, tulipokuwa tukikaa."

Anastazia aliweka mkasi chini. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hiyo hakuwa na hasira hata kidogo.

"Lile sikuliiba, Bi Asmahani," alisema.

Asmahani alimwangalia kama hakusikia. Kisha alisikia. Miiba ya yale matawi manne ilikuwa inamchoma kupitia kwenye gazeti jinsi alivyolibana, na sauti aliyoitoa ilimfanya hata dereva wa bajaji ageuke.

"Hukuliiba! Ulikuwa unakuja kwangu kila Jumamosi! Mkeka wako ulikuwa hapo hapo ubavuni pake, nikiinuka kuchemsha chai nakuacha nalo peke yako! Wembe unao, kanga unayo! Ulishindwa nini? Nakuuliza, Anastazia, ulishindwa nini kuliiba na lile?"